Taa Zilizofukuza Washenga

Ukifika Zinga ukaulizia nyumbani kwangu mimi, Fundi Mshamu, usishangae wakikujibu kwa swali: "Yule wa taa zenye nuksi?" Itikia tu, "Huyohuyo," watakuonyesha njia. Nimefunga umeme tangu sharubu hazijaniota mpaka zimekuwa nyeupe. Nimefunga misikiti, zahanati, madrasa, hoteli za ufukweni, majumba ya matajiri na vibanda vya chipsi. Lakini ninachokumbukiwa ni sebule moja na jioni moja. Jambo hilo nimelimeza miaka kadhaa. Sasa mwenye sebule ameniruhusu kulitapika, na nyinyi mnaojifunza kazi hii ndio nitakaoanza nao, maana ndani yake mna ufundi, na mna mengine ambayo mwalimu wenu hawezi kuwachorea ubaoni.

Mimi nilifundishwa na marehemu Fundi Chande wa Bagamoyo mjini, mtu mfupi, mkali, aliyevaa balghashia hata akiwa amejikunja juu ya dari. Kwa Chande swichi ilikuwa na kazi mbili, kuwasha na kuzima, na mjadala umefungwa. Zilipoanza kuletwa zile swichi za kuzungusha, ambazo ukizizungusha taa inafifia taratibu, aliishika moja kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Mshamu, mtu anayetaka taa iwake nusu, hiyo nusu nyingine anaficha nini?" Kisha akanirudishia swichi yangu, akaenda zake kula.

Ya kwanza niliifunga kwenye ukumbi wa kulia wa hoteli moja ya ufukweni. Nikaweka swichi mpya ya gharama ukutani, halafu juu nikaacha balbu zilezile za bei poa za dukani. Jioni meneja akaizungusha mbele ya wageni wake kwa maringo. Taa hazikufifia. Zilianza kupepesa na kuvuma kama nyuki waliochokozwa, na wageni wa Kizungu wakadhani muziki unakuja. Mmoja akainuka, akamshika mkewe kiuno, wakaanza kucheza katikati ya meza. Meneja alinitupia jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nawashwa mgongo.

Basi shikeni hilo. Si kila balbu inakubali kupunguzwa mwanga. Soma boksi lake, na kama halikuandikwa kwamba inapunguzika, hata ukiibembeleza haitakusikia. Ikiwa imeandikwa, bado usiiamini. Nunua moja, ijaribu mezani na swichi utakayoitumia, ishushe mpaka chini kabisa uitazame kama inatetemeka, ndipo ununue za nyumba nzima. Fundi anayejaribia juu ya dari ya mteja anajitafutia aibu ya bure.

Kisha zikaja hizi za kidijiti, na mimi nikarudishwa darasa la kwanza. Mwalimu wangu alikuwa Neema, fundi wa kampuni moja ya Dar es Salaam, binti ambaye bisibisi yangu inamzidi umri. Alinieleza hivi, nami nawapa kama alivyonipa. Zamani swichi ilikata umeme. Sasa swichi ya ukutani haikati kitu, inatuma salamu. Umeme unakaa kwenye taa muda wote, na pembeni yake zinapita nyaya mbili nyembamba za amri. Kila taa ina namba yake. Ukiiambia namba tano ishuke mpaka nusu, inashuka, na wenzake hawana habari. Ukitaka taa nyingi zifanye jambo moja unazipanga kundi, kundi unalipa jina, na jina unalibandika kwenye kitufe. Kitufe hicho kinaweza kuwa ukutani, na kinaweza kuwa kwenye simu ya mwenye nyumba, hata akiwa sokoni.

Nilimwelewa vizuri sana, ndiyo maana siku ileile nikaingiza waya wa umeme kwenye tundu la waya wa amri. Kikatoka kimoshi chembamba chenye harufu ya pweza aliyeungulia. Neema hakunifokea. Alisema tu, "Mzee, nakwenda kula. Nakuomba usiguse kitu mpaka nirudi. Kaa hapo. Kaa kabisa." Nikakaa. Tangu hapo nyaya za amri nazivalisha utepe wa rangi nyingine mwanzo na mwisho wake, hata pale ambapo mtoto mdogo asingekosea. Nyinyi mnaosema mtakumbuka tu kwa kichwa, hamtakumbuka.

Lakini na mimi nilimfundisha yule binti mawili matatu, kwa sababu vifaa vile vilitengenezwa na watu wasiolijua joto la kwetu. Chumvi ya hapa pwani inakula skrubu kabla hujamaliza kupaka rangi ukuta, kwa hiyo kila kiungio cha nje kipake grisi na kifunge kabisa. Na mjusi. Mjusi anapenda sanduku la vifaa kwa sababu lina vuguvugu. Kuna nyumba moja Kerege taa za baraza zilikuwa zinaruka kuwaka kwa nguvu zote bila kuambiwa, na mwenyewe alikwishafukiza ubani nyumba nzima. Tulipofungua sanduku tulimkuta bwana mkubwa kajilaza juu ya zile nyaya mbili, tumbo wazi, na kila akijinyoosha anatoa amri. Neema alipiga ukelele ukasikika barabara kuu, nami nikapata nafasi ya kumwambia, "Binti, usiguse kitu. Kaa hapo. Kaa kabisa."

Sasa njooni nyumbani kwa Mzee Seif, ambako ndiko yaliko maneno yenyewe. Mzee Seif ni mfanyabiashara wa vigae. Babu zake walitoka Omani, lakini wamekaa Bagamoyo siku nyingi, na hapa Zinga alijenga nyumba ya kupumzikia uzee. Alikuwa na mkewe, Bi Zuwena, na binti yao wa pekee, Rukia, muuguzi wa zahanati. Mimi na Neema ndio tuliofunga taa zote. Sebuleni tuliweka vitufe vinne. Kitufe cha Wageni kinawasha zote juu. Cha Chakula kinazishusha nusu. Cha Runinga kinazishusha robo. Na cha Kulala kinaacha kimwanga kidogo pembeni, cha kukuzuia usijikwae kwenye stuli.

Siku ya kukabidhi kazi nilibonyeza Chakula kwa madaha. Taa zikashuka polepole, laini, kama tulivyozipanga. Mara jikoni ikasikika sauti ya Bi Zuwena: "Umeme mdogo! Umeme mdogo! Chomoeni friji!" Akatoka mbio, khanga inaburuzika, akachomoa friji, akachomoa runinga, akachomoa hata pasi ambayo haikuwa imewashwa. Nikapandisha taa. "Haya, umerudi," akasema, akachomeka vyote. Nikashusha tena ili nimwelekeze, akachomoa tena. Tulikwenda hivyo mpaka Neema akaketi sakafuni, machozi ya kicheko yanamtoka. Msimcheke mama wa watu. Sote tumekulia kwenye nyumba ambazo taa ikififia basi friji iko mahututi. Fundi mwenye akili humwelekeza mwenye jiko kwanza, mwenye nyumba baadaye.

Mzee Seif yeye shida yake ilikuwa simu. Neema alimwekea vitufe vyote kwenye simu yake, akamwonyesha, mzee akaisukuma kando. "Binti yangu, simu yangu mimi ni ya kusemea haloo. Mambo hayo mwekee Rukia." Tukamwekea na Rukia.

Nyumba haijakaa sana, posa ikabisha hodi. Aliyeongoza washenga alikuwa Mzee Abeid, Mungu amrehemu, rafiki wa Mzee Seif tangu wakiwa madrasa. Alikuja kumposea mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe. Mzee Abeid alikuwa mtu wa watu, mkarimu, asiye na makuu. Ila alikuwa anaamini mambo ya ndege mbaya na nuksi kuliko nilivyopata kumwona mtu yeyote. Akijikwaa mguu wa kushoto akiwa njiani kwenda dukani, anarudi nyumbani, anakaa, anakunywa maji, anaianza safari upya.

Mzee Seif akaniita. "Fundi, siku hiyo uje na kanzu. Utakaa upande wetu kama mzee wa nyumba. Lakini na taa zangu uzitazame, sitaki ziniaibishe." Nikavaa kanzu yangu ya Idi, na mfukoni nikatia testa ya kupimia umeme. Nilikuwa nusu mzee wa familia, nusu fundi wa zamu.

Washenga walikuja baada ya magharibi, wazee wa heshima na vilemba vyao. Taa tulikuwa tumeziwasha zote. Mzee Abeid alisimama mlangoni, akazitazama. "Mashallah, Seif! Humu hata sindano ikianguka inaonekana." Mimi nikajifanya sikusikia, lakini kifua kilinijaa. Kahawa ikaletwa, halua ikaletwa, wakaulizana hali mpaka hali zikaisha.

Mzee Abeid hakuwa mtu wa kuingia kwenye neno moja kwa moja. Alianza na mvua, akapita kwenye bei ya saruji, akawataja mababu wa pande zote mbili na mema yao. Kisha akakohoa, akaweka kikombe chini. "Basi, ndugu yetu Seif, sisi leo tumekuja na ombi. Tuna kijana wetu..."

Hapohapo, kwenye "kijana wetu", taa zikaanza kushuka.

Zilishuka mpaka nusu, zikasimama. Mzee Abeid akatazama juu, akatazama mbele, akaamua kuendelea. "Kijana wetu, alhamdulillahi, ana adabu..." Zikashuka tena. Zikapita robo, zikaendelea kwenda chini, mpaka kikabaki kile kimwanga cha stuli, na wazee tukawa tunaonana vilemba tu. Kisha jikoni ikalipuka sauti ya Bi Zuwena, "Umeme mdogo! Chomoeni friji!" na tukasikia miguu ikikimbia na plagi zikichomolewa moja baada ya nyingine.

Ingekuwa ni umeme kweli, ingekuwa nafuu. Lakini feni ilikuwa inazunguka kama kawaida, na taa za baraza nje zilikuwa zinawaka kwa raha zao. Sebule peke yake ndiyo iliyopunguziwa. Na nyinyi watoto wa siku hizi huenda hamjui, lakini kwetu pwani, tangu zama za kandili, mwenye nyumba akishusha utambi ilhali mgeni bado amekaa, hana haja ya kusema neno. Mgeni mwenyewe anaanza kutafuta viatu. Ndilo tusi la kiungwana kuliko yote, maana halina sauti.

"Seif," akasema Mzee Abeid kwenye giza. "Umetushushia taa."

"Fundi!" akaita Mzee Seif. "Nini hiki?"

Mimi niliruka hadi ukutani, nikabonyeza Wageni, taa zikarudi zote, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa nyuso zilionekana. Mzee Abeid alikuwa amekwishasimama. Wenzake nao wakasimama. Hakuna aliyefoka. Waliaga kwa adabu zote, wakaenda zao na halua wameiacha nusu, na mmoja kwa hasira akaondoka na kiatu changu cha kulia. Nilirudi nyumbani na kiatu chake, kinanibana mpaka leo.

Asubuhi Mzee Seif akaniketisha. "Fundi, Abeid ni ndugu yangu. Ijumaa baada ya sala nitamwita hapa. Nataka umwambie ni taa. Kama ni taa, urafiki wetu umepona na posa itaendelea. Kama si taa, basi nimemfukuza nyumbani kwangu mbele ya wazee wenzake, na hilo halisameheki." Sikupenda alivyolisema. Alisema "nataka umwambie ni taa", hakusema "nataka ujue ni nini".

Nikampigia Neema, akaja na vipimo vyake. Tulifungua masanduku yote. Tulipima nyaya za amri, tukapima vifaa vya kila taa, tukatafuta mjusi, hatukuona hata mavi yake. Tukabonyeza Chakula na kukibonyeza tena na tena, na kila mara zinashuka nusu na kusimama pale pale. Bi Zuwena alichoka kuchomoa na kuchomeka, akaiacha friji bila umeme kwa usalama, na samaki wake wote wakaishia kwa majirani. Nami nawaambia, kifaa kibovu kinarudia ubovu wake, ukikaa nacho kitajionyesha. Hizi zilikuwa nzima. Neema akafunga vipimo vyake. "Mzee, hii si hitilafu. Hiki ni kidole cha mtu."

Alipotoka kwenda kupakia vitu kwenye gari, Rukia akaingia na glasi ya juisi.

"Shikamoo, Baba Mshamu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Akaiweka glasi, akabaki amesimama, anasokota ncha ya mtandio wake. "Baba Mshamu, ni mimi."

Nikaweka bisibisi chini.

"Nilikuwa chumbani na simu. Nilipomsikia Mzee Abeid anaanza, nilibonyeza Chakula. Nilitaka anyamaze kidogo tu. Simtaki yule kijana. Hana ubaya wowote, lakini nina mwenzangu. Anaitwa Hamisi, ni askari wa hifadhi Saadani, kwao ni wavuvi palepale. Baba sijamwambia. Nitamwambiaje, na anayeniposea ni rafiki yake wa kufa na kuzikana?"

"Sasa Kulala ulibonyeza kwa nini?" nikamuuliza. "Chakula ungesema bahati mbaya. Kulala umewazimia wazee wa watu kabisa."

Macho yakamtoka. "Kulala sikubonyeza. Wallahi sikubonyeza! Nilibonyeza Chakula mara moja, nikaona haya, nikaitupa simu kitandani nikaifunika mto."

Nilimtazama, nikamwamini, na huko kumwamini kukanitia homa. Kitufe cha Chakula hakiwezi kupita nusu. Nilikipanga mwenyewe, Neema akakikagua. Ikiwa mtoto ameshusha mpaka nusu, nusu ya pili imeshuka na nani?

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na swali la nusu ya pili lilikuwa dogo mbele ya lile lingine. Nikisema taa ni mbovu, washenga wanarudi, na Rukia anaozwa kwa mtu asiyemtaka. Nikisema taa ni nzima, urafiki wa wazee wale unakufa, na kila mtu ataanza kumtafuta mwenye kidole. Kila upande nilioutazama nilikuta mtu analia. Nilimhurumia sana yule binti. Nina mabinti, na najua ujasiri aliohitaji kuja kusimama mbele yangu.

Neema nilimweleza nusu tu, kwamba kuna jambo la watu. Akang'aka. "Mzee, kazi yetu ni nzima. Mimi siwezi kusikia unaisingizia kazi nzima." Nikamwambia kazi nitakayoisingizia ni ya mikono yangu, jina la kampuni yao sitalitaja. Hakuniaga vizuri siku ile. Iliniuma, maana alikuwa na haki.

Ijumaa ikafika. Mzee Abeid akaja peke yake, amenuna, akakataa kahawa. Nikakaa mbele yake na kanzu yangu. Sikuwa na mpango wowote, msije mkanisifu. Nilikuja kubeba lawama na kumwachia Mungu yaliyobaki. Uongo pia sikuutaka, mtu mzima na nimetoka kuswali sasa hivi. Nikayachagua maneno yangu moja moja.

"Mzee Abeid, taa hizi nilizifunga mimi, na lawama ni yangu. Kitufe cha ukutani hakikuguswa na mtu. Nyote mlikuwepo, mliuona ukuta. Na taa zikashuka."

Akaacha kununa. "Hakikuguswa na mtu?"

"Hakikuguswa."

"Wakati natamka 'kijana wetu'?"

"Hapohapo."

"Zikasimama. Nikasema ana adabu..."

"Zikashuka tena, mzee wangu. Ulikuwepo."

Mzee Abeid akatazama juu ya dari muda mrefu, kisha akasogeza kiti chake, kikatoka chini ya taa. "Astaghfirullah," akasema. "Seif, hii si hitilafu, hii ni nuksi. Mara moja ningesema sawa. Mara mbili, na kila mara akitajwa yeye? Mtoto wa dada yangu aingie kwenye ndoa na ndege mbaya kama huyu kichwani? Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuja na hasira, kumbe ulikuwa huna kosa. Posa naiondoa mimi mwenyewe."

Mzee Seif akainamisha kichwa kwa huzuni. "Ni kudra ya Mungu, Abeid. Tutafanyaje?" Wakakumbatiana, mzee wa watu akaiomba kahawa aliyoikataa, akanywa vikombe kadhaa. Nyuma ya pazia la korido nikasikia mtu akipumua kwa nguvu. Wakati wa kutoka Mzee Abeid alitanguliza mguu wa kulia, kwa uangalifu kabisa.

Jina langu ndilo lililobaki pale sebuleni. Mzee Abeid hakunisema vibaya hata kidogo, alisimulia tu alichokiona, kwa nia njema, kwa kila mtu. Mama mmoja wa Kerege mwenye mabinti waliofikia kuolewa akaniita niende nikang'oe taa zangu. Bwana mmoja wa Bagamoyo mjini akanitumia salamu kwamba sitaingia kwake mpaka mke wake ajifungue. Kazi ikawa ya kuokoteza. Mteja pekee aliyenifuata kwa hiari alikuwa na mashemeji waliokuja kwake kwa siku mbili na sasa wanakaribia mwaka. "Fundi," akanong'ona, "zile zinazofukuza wageni. Nifungie sebule na baraza." Nikamwambia kazi hiyo siifanyi. Baadaye nikaijutia.

Watu wanasema nilistaafu. Nilistaafishwa, lakini hilo nilishalipokea, na Rukia alikuwa akinisalimia barabarani mpaka naona aibu. Kilichokuwa kinanitafuna ni ile nusu ya pili. Nyinyi mtakuja kunielewa mkishazeeka ndani ya kazi. Unaweza kuvumilia watu wakisema kazi yako mbovu, kama wewe mwenyewe unajua ni nzima. Mimi nilikuwa sijui tena. Taa nilizozipanga kwa mkono wangu zilipita nusu bila kuambiwa, na nilikuwa nikikaa kwenye chai naunganisha nyaya zile kichwani, waya kwa waya, naishia palepale. Nikaanza kuwaza kwamba labda Mzee Abeid alisema kweli.

Rukia mwenyewe ndiye aliyemwambia baba yake habari za Hamisi, baada ya mambo kutulia. Wazee wa Hamisi wakaja kutoka Saadani, wakaposa mchana kweupe, mambo yakaenda sawa. Siku ya harusi nyumba ilifurika mpaka uani. Nilikuwa nimekaa mkekani sebuleni na Mzee Seif, tarumbeta zinalia nje, jua linazama. Bi Zuwena akapita na sinia la biriani, akalalamika kwamba kuna giza atamwaga chakula cha watu. Mzee Seif akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu. Hakuitoa simu. Hakutazama. Dole gumba likacheza ndani ya mfuko, na taa zote za sebule zikapanda juu.

Nikamgeukia. "Mzee. Si simu yako ni ya kusemea haloo?"

Akatazama mbele, akaanza kuvuta tasbihi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, siku ile zilipofika nusu nilijua ni mkono wa Rukia. Nani mwingine? Nikajua mwanangu hataki. Na Abeid siwezi kumkatalia usoni, tumekula sahani moja tangu wadogo. Na alikuwa anaendelea kusema." Akavuta punje nyingine. "Nikamalizia."

"Kulala?"

"Kulala. Nilijifunza peke yangu, nikijificha msalani, nisije nikaonekana nimeshindwa mbele ya yule Neema wenu. Nisamehe, Fundi. Ningekwambia, Ijumaa ile ungemtazamaje Abeid? Nilitaka useme ni taa ili urafiki upone kwanza, posa ningeitafutia njia nyingine baadaye. Nimekuharibia jina na kazi. Sema lolote unalotaka, nastahili."

Nilikuwa na ya kusema, vijana wangu, tena mengi, na mengine si ya mkekani. Lakini machozi yakanitoka, na hayakuwa ya hasira. "Rudia tena," nikamwambia. "Ile nusu ya pili."

"Ilikuwa yangu."

Nikainuka, mzee mzima, nikakanyaga sinia la watu, nikatoka mpaka barazani katikati ya tarumbeta na vigelegele, nikampigia Neema Dar es Salaam. Alipopokea hakusikia kitu, ikabidi nipige kelele mpaka wapiga tarumbeta wakanyamaza kunitazama.

"Neema! Zilikuwa nzima! Waliziamuru watu wawili, zikawatii wote wawili!"